Uma wa Tatu

Siakago,
2 Februari 2025

Mpendwa Baba,

Nakuomba radhi kwa kimya changu kirefu. Krismasi ilipita bila neno kutoka kwangu, na Mwaka Mpya vivyo hivyo, ilhali wewe uliniandikia mara mbili. Sikuwa mgonjwa. Shule ilifunguliwa, nikapewa Gredi ya Sita yenye watoto wengi kuliko madawati, na kila nilipokaa kuandika nilikuta sina jambo jema la kukuambia.

Sasa nina jambo, ingawa si jema. Uma wa mbele wa baiskeli yangu ya mikono umevunjika. Vijana walikuwa wakiishusha kutoka kwenye pikapu, ikawaponyoka, gurudumu la mbele likagonga chini. Mwaniki, fundi wa Embu mjini aliyeiunda baiskeli hiyo, na ambaye anasema ulimfundisha kazi za metali zamani, amechukua vipande. Anataka kutengeneza uma mwingine wa alumini kama ule wa kwanza. Nilimwuliza kwa nini uvunjike kwa kuanguka mara moja, naye akavigeuzageuza tu mikononi. Nikamwambia akutumie vipande hivyo, kwa kuwa najua mtu mmoja tu ambaye anaweza kuvitazama na kusema lililotokea.

Usiniambie tutumie chuma cha pua au bomba la maji. Mwaniki alinifungia uma wa chuma nikaujaribu. Ule mlima wa kutoka shuleni hadi sokoni unaukumbuka. Nilipofika juu kwa kuzungusha pedeli kwa mikono, mabega yalikuwa yamevimba. Na siwezi kuinua gurudumu la mbele kupita kizingiti cha darasa. Kwa sasa natumia kiti cha magurudumu cha zamani, na watoto wananisukuma kwa zamu.

Kuhusu nafasi uliyonitafutia katika shule ya Githongo, naomba muda. Najua mwalimu mkuu wa huko anangoja jibu kabla ya muhula kwisha.

Mwanao,
Kagwiria


Githongo,
10 Februari 2025

Kagwiria,

Barua yako nimeipata. Kimya cha tangu Novemba hakiombewi radhi kwa mistari miwili, lakini tuliache hilo. Nimeisoma polepole, kwa kuwa siku hizi unaandika herufi ndogo kama za mtu anayebana karatasi. Karatasi haijapanda bei kiasi hicho.

Mwaniki namkumbuka. Alikuwa na mikono mizuri na haraka nyingi.

Sitazungumza mengi. Mama yako alipofariki nilikuambia urudi karibu na nyumbani, ukasema kazi yako iko Siakago. Nilikubali kwa sababu ulikuwa unajiendesha mwenyewe kwenda kazini. Mwalimu anayesukumwa na wanafunzi wake hajiendeshi. Kwa hiyo napendekeza hivi. Nikiona kwamba uma wa alumini unaweza kutengenezwa huko ukakubeba salama kwenye mlima ule, sitataja tena habari ya uhamisho. Nikiona hauwezi, utakubali nafasi ya Githongo, ambako barabara ni ya lami kutoka lango letu hadi shuleni. Nitapima kwa haki. Niambie kama unakubali.

Kahawa imechanua vizuri.

Baba yako,
Julius Mwirigi


Siakago,
14 Februari 2025

Baba,

Nakubali. Pima.

Kagwiria


Githongo,
20 Februari 2025

Kwa Mwaniki,

Vipande vimefika katika ofisi ya vifurushi ya Makutano, nami nimevikagua. Nitakueleza nilichoona, kisha nitakuuliza swali moja.

Uma haukuvunjika kwenye mshono. Mshono wako ni mzuri. Umevunjika kando yake, upana wa kidole. Hilo ndilo jibu la swali ambalo binti yangu alikuuliza. Bomba ulilonunua ni aloi ya alumini iliyochanganywa na magnesi na silikoni kidogo, na kiwandani ilikuwa imepewa nguvu kwa moto wa kipimo. Nguvu hiyo inatokana na chembe ndogo sana ambazo zimetawanyika ndani ya metali na kuizuia isiteleze inapovutwa. Ulipochomelea, joto la mshono lilizivuruga chembe hizo katika eneo la kando. Bomba likabaki imara kote isipokuwa hapo, na hapo lilipoteza karibu nusu ya nguvu zake. Mtu akilitazama kwa macho haoni tofauti yoyote.

Uma ukishachomelewa, unapaswa kurudishiwa nguvu yote upya, na kazi hiyo ina hatua tatu. Kwanza uupashe moto wote kwa pamoja, nyuzi mia tano na thelathini, mpaka magnesi na silikoni ziyeyukie ndani ya alumini kama chumvi ndani ya maji ya moto. Usizidishe, ukikaribia nyuzi mia sita utaupoteza. Pili uutumbukize majini mara moja, bila kusita, ili vilivyoyeyuka visipate nafasi ya kujitenga. Ukitoka majini utakuwa laini. Usiogope, na kama umepinda, huo ndio wakati wa kuunyoosha. Tatu uukomaze: nyuzi mia moja na sabini na tano, kwa muda wa saa nane. Hapo ndipo chembe zinaumbika tena, ndogo na nyingi. Ukiuacha mezani tu utajikomaza wenyewe kwa siku kadhaa, lakini hautafikia nguvu inayotakiwa.

Sasa swali. Ufa huu haukutokea siku moja. Nusu ya uso wa mpasuko ni nyeusi na ina vumbi jekundu la Mbeere, upande wa Siakago, ndani yake. Nusu nyingine inang'aa. Maana yake ufa ulikuwa unakua kwa wiki nyingi, kisha kilichobaki kikakatika ghafla. Tena mguu wa kushoto wa uma una mikwaruzo mirefu ya changarawe, yote ikielekea upande mmoja, upande wa mwendo. Kitu kilichoponyoka kutoka kwenye pikapu hakiburuzwi kwenye changarawe hatua zote hizo. Nani alikuwa amekaa kwenye baiskeli?

J. Mwirigi


Embu,
26 Februari 2025

Mwalimu Mwirigi, salamu za heshima.

Nimesoma barua yako mara nyingi na nimeibandika kwenye ukuta wa karakana. Swali lako la mwisho nimelikata kabla ya kuibandika, kwa sababu wateja wanasoma.

Nilikatazwa kukujibu. Lakini wewe ndiwe uliyetufundisha kwamba fundi anayeficha ufa ameuza jeneza. Alikuwa amekaa Kagwiria. Ilikuwa Desemba, anashuka mlima kutoka sokoni. Uma ulikatika, akatupwa mbele, mkono wake wa kulia ukavunjika juu ya kiwiko. Alifungwa plasta mpaka Januari. Ndiyo sababu hukupata barua. Hakuweza kushika kalamu, na hakutaka mtu mwingine amwandikie, ukajua si mwandiko wake. Amepona. Nakuomba usimwambie kwamba nimesema, ingawa najua utamwambia.

Mwalimu, uma wa pili uko tayari. Nimefuata hatua zako. Tanuri langu la kuyeyushia alumini ya sufuria nimelifungia kipimajoto, nikaweka uma ndani ya sanduku la chuma ili moto usiuguse, na pipa la maji likawa hapo hapo mlangoni. Ulitoka laini kama ulivyosema. Kwa kuukomaza sikuwa na kitu kinachoshika joto la chini kwa saa nyingi, lakini jirani yangu Veronicah ana oveni ya mkate, ya matofali, ya kuni. Nilimwomba, akacheka sana, lakini akakubali. Tuliuweka Jumamosi jioni baada ya mkate wa mwisho. Nakutumia kipande cha bomba lile lile ambacho kilipitia hatua zote pamoja na uma. Naamini umekuwa imara zaidi ya kiwanda, maana ulikaa humo vizuri kabisa, haukuharakishwa.

Mwanafunzi wako,
Mwaniki


Githongo,
5 Machi 2025

Kwa Mwaniki,

Asante kwa jibu. Jambo la Desemba nitalizungumza na anayehusika.

Kipande chako nimekipima. Sina mashine, lakini njia ni ile niliyowafundisha. Nimechukua gololi ya beringi, nikaiweka katikati ya kipande chako na kipande cha bomba jipya la kiwanda, nikavibana pamoja kwenye jiliwa. Gololi ni moja na nguvu ya kubana ni moja. Kwa hiyo metali iliyo laini hupata shimo pana zaidi. Nilimwomba Mutugi, fundi wa mashine katika kiwanda cha kahawa hapa, alinganishe mashimo kwa lenzi. La kwako ni pana zaidi, na tofauti si ndogo. Uma wako wa pili ni dhaifu. Usiufunge kwenye baiskeli.

Hatua mbili za kwanza hazina kosa, kwa maelezo yako. Kosa liko kwenye oveni. Umesema ulikaa humo vizuri na haukuharakishwa. Ulikaa muda gani, na joto lilikuwa ngapi? Aloi hii haifanani na githeri ya mahindi na maharagwe, ambayo mtu akiisahau jikoni inazidi kulainika na wote wakafurahi. Katika saa za kwanza chembe zinaumbika na nguvu inapanda. Inafika kilele. Ukiendelea kupasha moto, chembe kubwa zinameza ndogo, zinabaki chache zilizotengana, na nguvu inashuka. Joto likizidi, kilele kinafika mapema na mteremko unakuwa mkali. Kilichopita kilele hakirudi kwa kungoja. Lazima uanze tena kutoka hatua ya kwanza.

Nijibu kwa ukweli na kwa tarakimu.

J. Mwirigi


Siakago,
12 Machi 2025

Mpendwa Baba,

Mwaniki amenionyesha barua yako na ameniambia alichokuandikia. Sijamkasirikia. Nilikuambia pikapu kwa sababu nilijua neno "plasta" likifika Githongo, gari la kunichukua lingefika Siakago kesho yake. Mkono umepona. Unaweza kuona mwenyewe kwamba naandika.

Nilikwenda Embu Jumamosi kuona oveni hiyo. Mwaniki alitaka kukujibu kwa tarakimu, lakini tarakimu hazipo, na ni afadhali nikueleze jinsi ilivyokuwa. Veronicah ni mama wa kanisa. Jumamosi jioni anaacha makaa ndani, anaziba mlango wa oveni kwa udongo, na hafungui mpaka alfajiri ya Jumatatu, ili matofali yawe na moto wa kuanzia. Jumapili hagusi kazi. Mwaniki alirudi asubuhi kuutoa uma, akamkuta amevaa tayari, kitenge na kitabu cha nyimbo mkononi. Akamsihi. Alijibiwa hivi, na wote wawili wamenithibitishia: "Hiyo oveni haifunguliwi siku ya Bwana, hata kama aliye ndani ni wewe."

Kwa hiyo uma ulikaa humo Jumapili yote, kwenye joto la mkate. Mwaniki hakuhangaika. Aliona kwamba muda mrefu ni faida ya bure.

Nilimweleza Veronicah habari ya chembe, kama ulivyoziandika. Alisikiliza, kisha akasema kwamba hata mkate una saa yake, na kama angeambiwa toka mwanzo kwamba kile ni kitu cha kuokwa na si cha kuhifadhiwa, angekipangia siku. Alidhani Mwaniki anatafuta mahali pakavu pa kukiweka. Amempa Jumatano, siku ambayo haoki. Watawasha moto mdogo asubuhi, wauache utulie, Mwaniki aweke kipimajoto ndani na akae hapo hapo na jembe la makaa. Wanafunzi wa karakana wamekwisha kuubatiza uma huo "mkate wa Mwaniki". Wateja wa Veronicah wanauliza kama utakuwa na siagi.

Nakumbuka makubaliano yetu. Mwaniki anaunda mwingine, na uma huo wa tatu ndio wa mwisho. Ukiwa dhaifu nitafunga vitu vyangu muhula ukiisha, na sitanung'unika.

Kagwiria

Kalamu imekwisha wino, naongeza hili kwa penseli: ule mparachichi alioupanda Mama umezaa mwaka huu? Ulisema utaniambia.


Githongo,
29 Machi 2025

Kagwiria,

Nimepokea barua yako. Pia nimepokea kutoka kwa Mwaniki uma wa tatu wenyewe, pamoja na kipande chake. Nilimwagiza alete uma wote, kwa sababu kipande hakitoshi kwa kitu ambacho kitambeba mtu.

Habari ya Desemba nitaisema mara moja tu. Ulilala hospitalini umevunjika mkono, na baba yako alikuwa Githongo akichuma kahawa na kuilaumu posta. Hilo halikuwa haki. Sitalirudia.

Sasa vipimo. Kipande kilibanwa na gololi kwenye jiliwa, kikilinganishwa na bomba la kiwanda. Mutugi alitazama mashimo kwa lenzi na kusema hayana tofauti. Nilimwambia ageuze vipande bila kuniambia kipi ni kipi, nikapitisha ukucha kwenye kila shimo. Nami sikupata tofauti. Kipande hicho nacho kina mshono, kwa hiyo tulipima mahali pengi, pamoja na kando yake, upana wa kidole, kama pale ambapo uma wa kwanza ulikatika. Pia huko hapakuwa na tofauti.

Kisha tuliufunga uma kwenye boriti ya kiwanda cha kahawa, tukaning'iniza magunia. Tulianza na uzito wako na wa baiskeli, tukaongeza mpaka ukafika mara tatu. Ulipinda kidogo kama unavyotakiwa, na tulipoondoa magunia ulirudi mahali pake. Mutugi aliruka juu ya gunia la mwisho bila ruhusa yangu. Ulirudi mahali pake hata hivyo.

Ningeweza kukuandikia kwamba vipimo vyetu ni vya kienyeji na havitoshi. Lingekuwa neno la kweli, na hakuna ambaye angenipinga. Lakini ningelisema kwa sababu nyingine, kwa hiyo silisemi. Uma wa tatu ni imara. Utakubeba. Mwaniki aukague kando ya mishono kila mwisho wa muhula, kwa lenzi na wino unaopenya kwenye nyufa, na ufa ukionekana, hata mdogo kama unywele, uondolewe siku hiyo hiyo.

Nilisema nikiona unaweza kutengenezwa sitataja tena habari ya uhamisho. Umetengenezwa. Siitaji. Mwalimu mkuu wa hapa nitamwambia asingoje.

Uma unakuja na gari la mizigo la Embu siku ya Jumatatu, umefungwa kwa gunia. Samahani kwa mistari iliyopanda juu ya mingine. Karatasi za siku hizi zimechapishwa mistari hafifu.

Baba yako,
Julius Mwirigi


SIAKAGO,
6 APRILI 2025

BABA,

Uma umefika na Mwaniki ameufunga. Nimeshuka mlima kutoka sokoni hadi shuleni na kupanda tena. Watoto walinikimbilia pembeni wakishangilia kama kwenye mbio za baiskeli, na Mwaniki alinifuata kwa pikipiki akijifanya ana shughuli njia hiyo. Veronicah ametuma mkate wa kweli. Asante kwa kupima kwa haki. Najua ulikuwa unataka jibu jingine.

Tafadhali usimwambie mwalimu mkuu chochote bado. Kama umekwisha kumwambia, rudi umwambie angoje.

Ulinifundisha kwamba kitu kilichovunjika kinasema chenyewe, hata mwenye nacho akitaja pikapu. Nimezitoa barua zako zote za mwaka huu nikazipanga mezani. Katika barua ya Februari unalaumu herufi zangu. Katika ya Machi unalaumu karatasi. Kila mara anayetazama shimo ni Mutugi. Wewe, ambaye ulikuwa ukiona uchafu kwenye mshono kutoka mlangoni mwa karakana, unapitisha ukucha. Na mstari niliouandika kwa penseli hukuujibu. Tangu nikiwa shule ya msingi hujawahi kuacha swali langu bila jibu, hata la kipumbavu. Nadhani hukuuona kabisa.

Sikukasirikii. Mimi nilificha mkono, wewe umeficha macho. Lakini sasa tumekwisha kuonana.

Kwa hiyo nami napendekeza hivi, na uniambie kama unakubali. Nenda Meru mjini ukapimwe macho. Mutugi atakupeleka, nimekwisha kumpigia simu. Kama ni mtoto wa jicho, huondolewa, na mtu anarudi kuona. Kama ni jambo jingine, tutajua ni lipi na limefika wapi. Daktari aniandikie yeye mwenyewe. Maelezo yako kuhusu karatasi siyataki.

Zamani nilikuwa natetea Siakago kwa sababu ulitaka kuniondoa, na ulitaka kuniondoa kwa sababu ulidhani siwezi kujiendesha. Sasa naweza. Baiskeli hii ingepita pia kwenye lami ya Githongo, kutoka lango letu hadi shuleni, na mtu akitaka kuandamana nami kwa miguu, akiwa ameshika mpini wa nyuma, isingemsumbua. Sijasema nakuja. Nina Gredi ya Sita hapa, na muhula ujao wanataka nisaidie mwalimu mkuu. Nataka nilitazame jambo hili lote kwa mara ya kwanza bila mtu kunivuta.

Shule imefungwa juzi. Nitakaa Siakago mpaka barua ya daktari ifike. Nikishaamua nitakuandikia, kwa wino mweusi na kwa herufi kubwa kama hizi, ili uisome mwenyewe.

MWANAO,
KAGWIRIA